Kompyuta ya nyumbani inaganda, inaniandikia memori imekwisha. Nisaidieni kabla sijapoteza hesabu za korosho

Mikindani Kwetu

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika kwa simu kutoka Mikindani, Mtwara, maana kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, upande wa Nanyamba. Msimu wa korosho ukipamba moto nalala huko huko, ukiisha narudi nyumbani na madaftari yangu na kuanza kuingiza kila kitu kwenye Excel: jina la mkulima, mnada gani, kilo ngapi, daraja la kwanza au la pili, makato, alichobakiwa nacho. Misimu mitatu yote iko ndani ya kompyuta hii. Kwenye daftari zipo, lakini madaftari mawili yalilowa mvua ya Februari na kurasa zimeshikana, kwa hiyo kwa msimu ule kompyuta ndiyo shahidi pekee.

Ni ya mezani, niliinunua mtumba miaka minne iliyopita. RAM (memori ya kufanyia kazi) ni GB 4, Windows 10 ya biti 64, diski ya GB 500.

Zamani ilikuwa nzito kidogo, nikaizoea. Tangu mwezi uliopita imekuwa kitu kingine. Naiwasha, naenda kuswali alasiri, narudi bado kile kiduara kinazunguka. Nikifungua Excel peke yake inakwenda. Nikiongeza kivinjari ili nisome barua pepe za ofisi, na WhatsApp ya kompyuta, basi: mshale wa kipanya unatembea ila ukibofya hakuna kinachoitika, na ile taa ndogo ya diski kwenye sipiyu inabaki imewaka tu haipepesi. Halafu linatokea boksi linalosema memori ya kompyuta imebaki kidogo, nihifadhi mafaili yangu na nifunge programu. Nihifadhi vipi wakati imeganda? Mara mbili nimelazimika kuchomoa waya ukutani. Mara ya pili faili la msimu uliopita lilifunguka likisema limeharibika, likajirekebisha, nikakuta safu nzima ya makato ya mnada wa tatu imerudi ilivyokuwa siku mbili nyuma.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja mjini, hakuifungua hata, akasema ipigwe windo upya, yaani Windows iwekwe upya, na kila kitu kifutwe. Nikaibeba nikarudi nayo.

Jambo jingine ambalo huenda lina maana: mtoto wa kaka yangu alikuja likizo kutoka Dar, akasema ataifanya iwe nyepesi. Aliweka kinga ya virusi nyingine na akabadilisha mipangilio fulani aliyoifuata kwenye video. Nia yake ilikuwa njema. Ila lile boksi la memori lilianza wiki hiyo hiyo.

Juzi mzee mmoja amekuja kwa baiskeli hadi ofisini, ana risiti yake ya mizani mkononi, anauliza kilo 212 zake mbona malipo yamekuja pungufu. Nimemwambia baba nipe wiki moja. Majibu yake yako kwenye hilo faili.

Je, tatizo ni RAM? Ni virusi? Ni diski inakufa? Nianzie wapi bila kugusa hesabu za watu?

Kijana wa Ligula

Pole dada. GB 4 kwa sasa ni ndogo, Windows 10 ikishawaka tu imekula karibu nusu. Ongeza RAM iwe 8, piga windo upya, itaruka. Kama mfuko hauruhusu, kuna programu za bure za kuongeza RAM, unaweka tu na inasafisha yenyewe kila dakika. Na hamisha memori pepe (ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kwenda kwenye flashi ya GB 32, nimewahi kuona mtu anafanya.

Fundi wa Lindi

Dada wa Mikindani, pole na kazi, na umefanya vizuri kuibeba na kurudi nayo. Usiruhusu mtu yeyote apige windo kabla hujatoa nakala ya hayo mafaili. Leo hii, kabla ya kusoma maelezo yangu mengine, iwashe, usifungue programu yoyote, chomeka flashi, nakili mafaili ya Excel, na uyafungue kwenye kompyuta nyingine uone kama yanasoma. Faili lililonakiliwa lakini halijafunguliwa mahali pengine mimi silihesabu kuwa nakala.

Mdogo wangu wa Ligula, RAM atahitaji, hapo tuko pamoja. Lakini zile programu za kuongeza RAM nakuomba usimshauri mtu tena. RAM ni kifaa, programu haiwezi kuiongeza. Inachofanya ni kuzisukuma programu nyingine zitoe vitu vyao kwenye RAM viende kwenye diski, namba inaonekana imeshuka, halafu ukigusa Excel vyote vinasomwa upya kutoka diski. Kwenye mashine ambayo taa ya diski haizimi, hiyo ni kumwongezea mgonjwa homa. Na flashi: Windows haiweki faili la memori pepe kwenye flashi. Uliyoona ni kitu kingine, inatumia flashi kama akiba ya kusomea tu, haiongezi memori hata kidogo.

Sasa dada, nipe namba tatu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likitokea dirisha dogo, bofya maneno yaliyo chini kulipanua. Nenda kichupo cha pili, chagua memori. Chini utaona namba mbili zenye mkwaju katikati, mfano 3.0/6.0. Niandikie zilivyo wakati mashine imeanza kulemewa. Pili, bofya diski hapo hapo, niambie asilimia. Tatu, fungua ukurasa wa diski zako, niambie C ina ukubwa gani na imebaki nafasi kiasi gani. Hilo la tatu ndilo nalitilia shaka kuliko yote.

Mikindani Kwetu

Ahsante sana kaka. Nakala nimetoa, flashi mbili, moja nimempa jirani mwenye steshenari akaifungua kwake, mafaili yote saba yamesoma. Nimepumua.

Namba: nilipofungua Excel na kivinjari ilisoma 4.2/4.3, ikaganda dakika kama nne. Diski asilimia 100, haishuki. Na C jumla ni GB 60, imebaki GB 1.1, mstari wake mwekundu. D ni GB 405, imebaki GB 390. Yaani D iko tupu kabisa. Tena C na D nikijumlisha napata 465 na mimi niliuziwa 500, au niliibiwa?

Fundi wa Lindi

Hujaibiwa. Watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows huhesabu kwa vipimo vya 1,024, kwa hiyo 500 ya dukani huonekana 465 kwenye kioo. Ndivyo zilivyo zote.

Sasa nikueleze kwa lugha ya kazi yako. RAM ni lile turubai mnalochambulia korosho. Kazi yote inafanyika juu yake, mkono unafika haraka. Diski ni ghala. Turubai likijaa, Windows hailali: inachukua yale magunia yasiyoguswa kwa sasa, inayaweka kwenye kona maalumu ya ghala, na inayarudisha yakihitajika. Kona hiyo ndiyo memori pepe. Kwenye diski ni faili moja lililofichwa, linaitwa pagefile.sys. Kutembea turubai hadi ghalani ni mbali, ndiyo maana mashine inakuwa nzito na taa ya diski haizimi. Hiyo nzito ni ya kawaida kwa GB 4. Ila yako imevuka hapo.

Ile namba ya pili, 4.3, ndiyo dari: RAM ukijumlisha na hiyo kona ya ghala. RAM yako inayotumika ni kama 3.9. Toa, inabaki 0.4. Maana yake mtu aliifunga kona yako iwe MB 400 basi, na kwa jinsi ulivyosimulia nadhani ni mpwa wako. Kuna video nyingi zinafundisha hivyo, kwamba ukipunguza memori pepe mashine itatumia RAM tu na itakuwa nyepesi. Kwa mashine yenye GB 32 hutaona tofauti. Kwa yenye GB 4 umeziba mlango wa ghala mchana wa mavuno. Programu zinaomba nafasi, turubai limejaa, ghala limefungwa, ndipo lile boksi linatokea. Usimgombeze lakini, wapo mafundi wa kulipwa wanaofanya hivyo hivyo.

Ila hata ungemwachia Windows ajipangie, C yako imebaki GB 1.1. Kona isingepata pa kukua. Kwa hiyo ni matatizo mawili yameshikana mikono, na ukirekebisha moja peke yake utaona kama ushauri haukufaa.

Anza na C. Sitaki ufute kitu usichokijua. Niambie kwanza: mafaili yako makubwa unayaweka wapi? Juu ya kioo pale mbele (Desktop), siyo?

Mikindani Kwetu

Ndiyo, pale mbele ninapoyaona. Kuna folda ya video za harusi ya mdogo wangu, mpiga picha aliniletea zote ambazo hazijakatwa. Picha za watoto. Mafaili ya kazi pia. Kwani pale si mahali pake?

Fundi wa Lindi

Pale mbele ni C. Karibu kila mashine ninayoletewa Lindi hapa imejaa kwa sababu hiyo hiyo: dukani waligawa diski, C wakaipa kidogo, D ikapewa nyingi, na mwenye kompyuta hakuambiwa kwamba kila anachokiweka mbele ya kioo, na kila anachopakua, kinakwenda C. Miaka minne D inakaa tupu.

Bofya folda ya harusi kwa kitufe cha kulia, angalia sifa zake, uone ni GB ngapi. Kisha ihamishie D. Usiikate na kuibandika moja kwa moja. Nakili, subiri imalize, fungua video mbili tatu ukiwa D, ndipo ufute ya mbele na kumwaga pipa la taka. Umeme ukikatika katikati utakuwa bado na ya kwanza.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cleanmgr, chagua C, ruhusu isafishe mafaili ya muda. Usiweke tiki kwenye folda ya vitu ulivyopakua mpaka uikague.

C ikipata angalau GB 15 wazi, ndipo memori pepe. Windows na R tena, andika sysdm.cpl. Kichupo cha tatu, kitufe cha juu kabisa cha mipangilio. Litafunguka dirisha jingine, nenda kichupo chake cha pili, chini kabisa pana sehemu ya memori pepe na kitufe cha kubadilisha. Juu kabisa pana kiboksi cha kuiachia Windows isimamie yenyewe diski zote. Kitie tiki. Kubali, zima, washa. Usiandike namba zako mwenyewe. Ile kanuni ya zamani ya mara moja na nusu ya RAM tuliitumia sana enzi za Windows XP, leo iachie tu.

Mwisho, ondoa kinga moja ya virusi kati ya hizo mbili. Zote zinataka kukagua kila faili linalofunguliwa, zinagombania diski ile ile moja.

Ticha Masasi

Naomba kuongeza mawili, nafundisha TEHAMA sekondari na tumepitia haya kwenye maabara yetu.

La kwanza ni la msingi, dada. D siyo nakala ya akiba. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, diski ni ile ile. Ikifa, harusi na korosho vinaondoka pamoja. Kwa kuwa umechomoa waya mara mbili, ikague. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri (cmd) kama msimamizi, andika wmic diskdrive get status. Ikijibu OK ni dalili njema ingawa si hakikisho. Ikijibu Pred Fail, acha kila kitu, toa data, nunua diski. Halafu andika chkdsk C: bila kuongeza kitu kingine baada yake; hiyo inakagua tu mpangilio wa mafaili, hairekebishi chochote. Na isikilize diski kwa sikio. Mlio wa tiki-tiki unaojirudia si wa kupuuzia.

La pili, utashauriwa uhamie Windows 11 kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli iliacha, na kwa mashine inayoingia kwenye barua pepe za ofisi ni jambo la kulifikiria. Lakini Windows 11 inataka RAM GB 4 kama kiwango cha chini kabisa, diski GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. C yako yenyewe ni 60. Mashine ya mtumba ya umri huo kwa kawaida haifiki. Usiuziwe windo hiyo kama dawa ya kuganda.

Na kama hutumii ile hali ya kuilaza ikiwa na kazi zako ndani (hibernate), fungua kidirisha cheusi kama msimamizi uandike powercfg /h off. Kuna faili jingine lililofichwa C kwa ajili hiyo, kwenye RAM ya GB 4 huwa kama GB 1.6. Unalirudisha bure.

Kijana wa Ligula

Nimejifunza, ahsanteni. Kaka Fundi swali moja: kwa nini asihamishe memori pepe yote kwenda D, si ina GB 390?

Fundi wa Lindi

Swali zuri. Inawezekana, na kama C ingekuwa haipunguziki ningemwambia afanye hivyo leo leo. Ila diski ni moja, ina mkono mmoja wa kusomea. Faili likiwa D mkono ule unaruka kutoka eneo la C kwenda eneo la D na kurudi, wepesi hauongezeki. Ingekuwa diski ya pili kabisa, hapo sawa.

Mikindani Kwetu

Ndugu zangu, nimerudi. Imenichukua siku tatu kwa sababu umeme ulikatika Jumanne mchana kutwa, na kweli kabisa ulikatika nikiwa nanakili harusi. Ya mbele ilikuwa salama, nikaanza upya. Kaka Fundi, Mungu akulipe kwa neno lile.

Folda ya harusi ilikuwa GB 22. Sikuwahi kuwaza. Picha za watoto GB 6, na kwenye vitu vya kupakua nilikuta karatasi za mitihani ya kidato cha nne za mwanangu, zile zile zimepakuliwa mara nne, mara tano. Usafishaji ukatoa GB 5 nyingine. Amri ya ticha ikarudisha 1.6 kama alivyosema. C sasa imebaki GB 35 na mstari wake ni wa bluu.

Kwenye memori pepe nilikuta kweli imeandikwa 400 chini na 400 juu. Nimetia tiki kile kiboksi, nikazima, nikawasha. Dari ikawa 6.8. Nimeipiga picha nikamtumia mpwa wangu, amesema samahani shangazi, hata yeye kwenye laptopu yake alifanya hivyo, akaenda kuirudisha.

Diski imejibu OK na haina mlio. Kinga ya virusi moja nimeondoa. Nilipofungua ubavu wa sipiyu, feni imejaa vumbi limeshikana na unyevu wa bahari kama sufi. Nimelitoa kwa brashi ya rangi, waya ukiwa umechomolewa ukutani.

Hali ya sasa: kuwaka ni dakika tatu hivi. Excel, kivinjari na WhatsApp vyote vitatu vikiwa wazi inasoma 4.6/6.8. Ni nzito, diski bado inapanda hadi 100 dakika za mwanzo, lakini inashuka, na tangu jana asubuhi haijaganda na boksi halijatokea hata mara moja.

Na yule mzee. Kilo zake 212 zipo. Ziliandikwa mnada wa tatu, kwenye ile safu iliyorudi nyuma nilipochomoa waya. Makato yake yalikuwa yamesomwa mara mbili. Nimelinganisha na daftari na risiti yake, nimeandika barua ya marekebisho, mwenyekiti ameshatia saini. Kesho nampelekea mwenyewe kijijini.

Swali langu la mwisho: nikipata hela ya kitu kimoja tu, ninunue RAM au ile diski mpya isiyozunguka?

Fundi wa Lindi

Alhamdulillahi. Nimefurahi zaidi kwa hizo 212.

Kwa mashine yako, diski kwanza. Ile ya SSD ya GB 240 inakutosha, inatumia waya wa aina ile ile ya SATA, na hii ya sasa ibaki ndani kuhifadhia harusi. Turubai litakuwa bado dogo, lakini ghala litakuwa mlangoni, hutasikia ile safari. RAM ifuate msimu ujao. Kabla ya kuinunua toa hiyo iliyomo uende nayo dukani, maana RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na ya laptopu ni fupi haikai kabisa kwenye ya mezani.

Ukienda kununua niandikie kwanza hapa aina unayoonyeshwa. Na zile flashi mbili zisikae nyumba moja.

Mikindani Kwetu

Moja iko kwangu, nyingine iko ofisini Nanyamba kwenye sanduku la fedha. Nitaandika nikishaulizia bei.